Kumbukumbu Isiyofagiwa

Jumanne hiyo Tamsin Burridge aliamka hana ugomvi na mtu. Alikwangua barafu kwenye kioo cha gari, akanunua pai ya kombe wa baharini pale Moonah, akafika kazini Derwent Park saa mbili na nusu asubuhi pua ikimchuruzika kwa baridi. Mlima ulio juu ya mji ulikuwa mweupe kwa theluji hadi mabegani. Ilikuwa Julai ya kawaida kabisa ya Hobart, kule kusini mwa Australia ambako Julai ndiyo baridi kali.

Kampuni yao ilikuwa na watu sita, ndani ya jengo la zamani lililokuwa ghala la matufaha. Chumba cha nyuma kilikuwa na kompyuta kubwa tisa. Ndani ya kila kompyuta kubwa waliunda mashine pepe, yaani kompyuta zisizoshikika kwa mkono, na kila mteja akapewa yake. Mteja anaiwasha, anaitumia, anaizima, na hajui kwamba analala chumba kilicholaliwa na mwingine jana yake. Ni kama nyumba ya wageni, na chumba chenyewe ni kumbukumbu ya kompyuta, pale inapoweka kila inachofanyia kazi. Mgeni akitoka, chumba kinafagiwa, ndipo mwingine anaingia. Programu ya kufagia aliiandika Tamsin mwenyewe, miaka mitatu nyuma.

Simu ya kwanza ilitoka kwa Bronwen, daktari wa mifugo wa Huonville.

"Tamsin, hebu niambie ukweli. Nani huko kwenu analewa asubuhi?"

"Kuna nini tena?"

"Nimefungua kadi mpya ya mbwa. Mpya, sijaandika hata herufi. Kwenye sehemu ya ugonjwa naona pameandikwa 'mlango haufunguki'. Mbwa mwenyewe ana minyoo!"

Wakacheka. Tamsin akauma pai yake, akamwambia ataangalia. Bronwen akasema hakuna shida, ila hakukata simu.

"Nimefuta mara tatu," akasema. "Kila nikifungua kadi mpya, maneno yapo pale pale. Na ya tatu imeongezeka neno. Imeandika 'nimegonga'."

Tamsin alijua nini kimetokea, au alidhani anajua. Mashine ya Bronwen ilikuwa imewashwa upya asubuhi ile, ikapewa kumbukumbu ambayo haikufagiwa vizuri. Yaliyoachwa na mteja mwingine yamebaki. Ni aibu, na ni hatari, kwa sababu siri za huyu zinasomwa na yule. Lakini ni hitilafu, na hitilafu ndiyo kazi yake. Akafungua programu yake ya zamani, akaanza kuisoma mstari kwa mstari kalamu ikiwa mdomoni.

Haikuchukua hata saa moja. Ndani ya programu kuna visanduku vidogo vya kuwekea namba. Kimoja kilikuwa kinasema ufagiaji uanzie wapi. Kilitakiwa kupewa sifuri tangu mwanzo, ili kazi ianzie mlangoni kabisa mwa kumbukumbu. Tamsin hakukipa sifuri. Alikitaja tu, akasahau kukijaza. Na kisanduku usichokijaza hakikai kitupu. Kinabeba takataka yoyote iliyokuwa imelala mahali pale. Takataka ikiwa namba ndogo, ufagiaji unaanzia katikati na uchafu wa mwanzo unabaki. Takataka ikiwa namba kubwa kupita kiasi, mashine inakataa kuwaka kabisa.

"Mjinga wewe," akajiambia. Mstari ulikuwa na jina lake pembeni.

Dawa yake ilikuwa kuandika alama mbili tu: usawa na sifuri. Angeandika pale pale yangeisha. Lakini fundi mzuri hutaka kuuona ugonjwa kabla ya kuutibu. Kwa hiyo aliunda mashine pepe mpya, tupu, akachungulia kumbukumbu yake kabla haijaguswa na mtu.

mlango haufunguki
nimegonga nimegonga
mko wapi

Akaifuta. Akaunda nyingine kwenye kompyuta kubwa ya pili. Maneno yale yale. Akahamia kompyuta ya tisa, iliyonunuliwa Machi mwaka ule, vipande vyake vya kumbukumbu vimetoka kiwandani ndani ya mifuko. Hakuna mteja aliyewahi kuwekwa humo.

mlango haufunguki
nimegonga nimegonga
mko wapi
hewa

Pai ilikuwa imepoa. Tamsin akaisukuma kando. Akaamuru programu imwonyeshe ile namba iliyokuwa ndani ya kisanduku. Takataka haina utaratibu, leo inakuja saba, kesho inakuja milioni. Akaendesha jaribio kwenye kompyuta zote tisa, mara kumi kila moja. Mara zote tisini ilikuja namba moja. Namba ile ile.

Kwenye kompyuta kila herufi ina namba yake, na namba kubwa inaweza kukatwa vipande ikasomwa kama herufi. Akaikata.

Zikatoka herufi tatu. Tam.

Ofisi nzima walimwita Tamsin. Bosi wao, Crispin Leggett, alimwita Burridge, kama wako jeshini. Mtu mmoja tu aliwahi kumwita Tam. Huyo alikuwa Vaughan Petrie, fundi wa chumba cha nyuma, mtu mzima wa miaka hamsini na minne aliyependa kuimba vibaya akivuta nyaya. Na Vaughan walikuwa wamemzika Agosti ya mwaka uliotangulia.

Siku aliyokufa kila mtu pale aliikumbuka. King'ora cha moto kililia kabla ya saa sita mchana. Crispin akasema ni majaribio, lakini sheria ni sheria, wakatoka wote hadi maegesho ya magari na vikombe vyao vya chai. Kule nyuma gesi ya kuzima moto ilikuwa imeshamwagika, ile inayofukuza hewa chumbani ili moto ukose cha kula. Hapakuwa na moto. Vaughan alikuwa anasafisha vumbi chini ya sakafu, vumbi likaingia kwenye kihisi cha moshi. Wao hawakujua kama yuko ndani. Walidhani ameenda kula. Walisimama maegesho dakika kumi na moja wakitaniana kuhusu mpira. Waliporudi walimkuta kalala nyuma ya mlango. Daktari akasema moyo.

Tamsin alikuwa ameitetea habari hiyo ya moyo mwaka mzima. Ilikuwa inamsaidia kulala.

Sasa akainuka, akajifanya anaenda kuchukua maji, akarudi. Akafungua kumbukumbu za matukio za siku ile, daftari ambamo kompyuta hujiandikia kila kinachotokea. Kufuli ya mlango wa chumba cha nyuma iliendeshwa na kompyuta, na kompyuta hiyo ilikuwa mashine pepe kama nyingine, moja ya mashine zao wenyewe. Akashuka na kidole kwenye kioo hadi akaifikia.

Saa tano na dakika arobaini na mbili: mashine ya mlango imejizima. Inawashwa upya.

Saa tano na dakika arobaini na mbili: imeshindwa kuwaka. Mwanzo wa ufagiaji umepita mwisho wa kumbukumbu.

Akausoma mstari huo wa pili mara nne. Ukajirudia chini yake, na chini yake, na chini yake. Ulijirudia hadi saa tano na dakika hamsini na tatu, ndipo mashine ikawaka.

Kitufe cha dharura cha mlango kilikuwa kimetolewa ukutani wiki ile ili kibadilishwe. Vaughan mwenyewe ndiye aliyekitoa. Hakuhofia kitu, kwa sababu kompyuta ingefungua. Kompyuta haikufungua. Kisanduku kimoja hakikujazwa, na aliyesahau kukijaza alikuwa nje anacheka, kikombe mkononi.

Tamsin aliinakili mistari hiyo yote, na maneno ya asubuhi kwenye faili jingine.

Crispin alimwita ofisini kwake, akafunga mlango. Alikuwa mtu mrefu, mwenye desturi ya kusema taratibu akiwa na hasira.

"Bronwen kapiga simu kwangu. Umepata tatizo?"

"Nimepata."

"Basi rekebisha. Andika 'hitilafu ndogo', tuendelee."

"Vaughan hakufa kwa moyo, Crispin."

Bosi akatazama dirisha. Akanong'ona, "Punguza sauti."

"Mlango haukufunguka. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua mlango ulichelewa. Sikujua kwa nini. Na sikutaka kujua. Sasa nikuulize wewe, Burridge. Ule mstari una jina la nani?"

Tamsin akautazama mlango uliofungwa.

"Ndiyo maana nakwambia, rekebisha. Ukishaurekebisha haupo. Hakuna mstari, hakuna jina. Nakuhurumia wewe, usinitazame hivyo."

Tamsin akatoka. Alirudi mezani kwake, akakaa mbele ya mstari wake, vidole juu ya vitufe. Alama mbili tu. Hakuweza. Badala yake alifanya kitu ambacho mpaka leo hajui kilitoka wapi kichwani mwake. Aliunda mashine pepe mpya. Ndani ya kumbukumbu yake, mwanzoni kabisa, akaandika neno moja: nakusikia. Akaizima. Akasubiri kidogo. Akaunda nyingine ichukue chumba kile kile, akachungulia.

Neno lake halikuwepo.

fungua basi

Akatazama huku na huku. Wenzake walikuwa wameinamia kazi zao, jua la baridi limelala juu ya meza, mtu anapiga chafya. Saa sita kasoro mchana. Hakuna aliyekuwa ameona kitu.

Akachukua kadi yake, akaenda chumba cha nyuma. Tangu Agosti alikuwa hajakanyaga pale. Akagusisha kadi. Kufuli ikalia, mlango ukafunguka bila shida. Feni zikamvumia usoni. Baridi ya kule haikuwa kama ya nje, ilikuwa kavu, ilimkausha macho. Akauzuia mlango kwa mguu, ukawa wazi kabisa.

"Umefunguka," akanong'ona. "Vaughan. Toka."

Feni ziliendelea. Alisimama pale kama dakika tatu, mguu mlangoni, mkono mmoja umeshika ukuta, anaona aibu na anaogopa kuondoka. Upande wa ndani wa mlango, chini, rangi ilikuwa imechubuka. Walikuwa wameipaka upya. Ilikuwa imechubuka tena.

Alirudi mezani karibu anakimbia. Akaunda mashine nyingine.

sio huo

"Upi?" akasema kwa sauti, na jirani yake akageuka.

"Nini?"

"Hamna. Najisemea."

Akaandika: upi? Akazima. Akawasha. Hakuna jibu. Akaandika tena. Akazima, akawasha. Akaandika: niambie nifungue upi. Alirudia mpaka vidole vikawa vinakosea vitufe. Vaughan, kama ni Vaughan, alikuwa amenyamaza. Kumbukumbu ilikuja chafu kama mwanzo, lakini uchafu wa kawaida, vipande vya karatasi za wateja, kadi za mbwa.

Saa nane mchana simu zikalia zote kwa pamoja.

Ilikuwa nyumba moja ya wazee, upande wa Glenorchy. Milango yao nayo iliendeshwa na mashine pepe, kwa sababu baadhi ya wazee husahau njia na kutoroka. Mashine ilijizima, ikawashwa upya, ikakataa. Mhudumu aliyepiga alikuwa analia.

"Dada, milango yote imekwama! Kuna bibi yuko bafuni peke yake, nasikia maji, hanijibu. Fungueni! Si mnaweza kufungua kutoka huko?"

"Nakuja, naangalia, subiri..."

"Nisubiri nini? Hanijibu!"

Tamsin aliangalia kioo. Mwanzo wa ufagiaji umepita mwisho wa kumbukumbu. Mstari ukajirudia. Ukajirudia. Alijaribu kuiwasha mashine ile kwa mkono. Ikakataa. Akajaribu kwenye kompyuta nyingine. Ikakataa. Namba ndani ya kisanduku haikuwa tena herufi tatu. Ilikuwa imejaa kisanduku kizima, kubwa kuliko kumbukumbu yoyote duniani, kana kwamba kuna aliyejisukuma humo na kukaza magoti.

Crispin alikuwa amesimama nyuma yake. Hakunong'ona tena. "Rekebisha! Unangoja nini wewe?"

Akaandika alama mbili. Usawa. Sifuri.

Kabla ya kuituma programu iliyorekebishwa, macho yake yakaanguka kwenye dirisha dogo lililobaki wazi pembeni, lile alilokuwa anachungulia. Hakuwa ameunda mashine yoyote. Maneno yalikuwa yamekuja yenyewe.

tam usinifagie

Kwenye simu mhudumu alikuwa anapiga mlango wa bafu kwa ngumi. Tamsin aliisikia kila ngumi.

"Nisamehe," akasema.

Akabonyeza.

Mashine ya Glenorchy ikawaka mara moja. Milango ikafunguka. Bibi alikutwa sakafuni, kavunjika nyonga, yu hai. Mhudumu alimshukuru Tamsin huku akilia. Wenzake wakampigapiga mabega. Naye akaunda mashine mpya, akachungulia kumbukumbu yake. Sifuri. Akashuka. Sifuri. Ukurasa baada ya ukurasa, nyeupe, safi, imefagiwa kila kona. Alitafuta mpaka jioni. Hakuna herufi hata moja.

Jumamosi aliendesha gari hadi Margate, nyumbani kwa Noeline, mjane wa Vaughan. Noeline alimpokea kwa chai na keki ya ndizi, akamkalisha jikoni penye joto. Tamsin alimweleza yote, tangu kisanduku hadi maegesho ya magari. Hakuficha jina lake. Noeline alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Moyo wake ulikuwa mzima kuliko wangu," akasema mwishowe. "Niliwaambia. Wakanitazama kama mtoto."

"Nimeshaandika maelezo. Nimepeleka polisi, na kumbukumbu za mlango zote. Wamesema watalifungua faili upya."

"Watachukua muda gani?"

"Hawajasema."

Noeline akatikisa kichwa. "Na hayo maneno? Uliyanakili?"

Tamsin alikuwa ameyanakili, kila neno, kwenye faili, Jumanne ile ile. Akafungua kompyuta yake pale mezani. Faili lilikuwepo, lina tarehe, lina jina. Akalifungua. Lilikuwa limejaa sifuri kutoka juu hadi chini.

Mvua ilianza nje.

"Sikulaumu, mwanangu," Noeline akasema. "Ningetaka kukulaumu, nguvu sina. Nijibu kitu kimoja tu." Akainama mbele, sauti ikashuka. "Sasa hivi. Ametoka?"

Tamsin akatazama kikombe chake.

"Ametoka," akasema.

Noeline akafumba macho, akashusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyeitunza mwaka mzima. Akamkatia kipande kingine cha keki, na Tamsin akakila chote.

Tamsin aliacha kazi mwisho wa mwezi. Crispin hakumzuia. Siku ya mwisho ilibaki kazi moja ndogo, kukabidhi orodha ya mashine zote kwa atakayekuja baada yake. Alihesabu kwenye daftari la wateja. Mia mbili kumi na nne. Akaiambia kompyuta ihesabu zinazowaka.

Mia mbili kumi na tano.

Akashuka hadi mwisho wa orodha. Ya mwisho haikuwa na jina. Haikuwa na mteja, haikuwa na tarehe ya kuanza. Penye kumbukumbu paliandikwa sifuri. Mashine haiwezi kuwaka bila kumbukumbu, kama mtu asivyoweza kusimama bila mahali pa kukanyagia.

Akaamuru izimwe. Kompyuta ikajibu: imezimwa. Akahesabu tena. Mia mbili kumi na tano.

Akaamuru ifutwe. Imefutwa. Mia mbili kumi na tano.

Alirudia mpaka wenzake walipozima taa za upande wao na kuaga. Mara ya mwisho alipoitazama, safu mbili za pembeni zilizokuwa tupu zilikuwa zimejaa. Penye hali yake paliandikwa: inasubiri. Na penye jina la mtu pekee mwenye ruhusa ya kuifungua paliandikwa herufi tatu, Tam, bila kitufe chochote cha kufungulia.